Maneno Nyuma ya Picha

"Ukurasa huu unaitwa Kuhusu Mimi," mhadhiri alisema, akigonga skrini yangu kwa kifuniko cha kalamu. "Haya, nionyeshe. Huyo mimi yuko wapi?"

Nikaitazama skrini kana kwamba jibu lingejitokeza lenyewe. Kulikuwa na sentensi mbili tu. Ya kwanza ilisema baba yangu alikuwa mwandishi wa mabango. Ya pili ilisema baba yangu alipofuka nilipokuwa namaliza sekondari, na tangu siku hiyo mimi ndiye macho yake.

"Mimi ndiye hayo macho," nilijibu.

Darasa likacheka. Mhadhiri hakucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo asiyepoteza pumzi kwa mizaha ya wanafunzi.

"Mwanangu, hii ni tovuti ya kazi zako. Si cheti cha tabia njema. Mwajiri akiifungua anataka kujua wewe ni nani na unaweza nini. Halafu tazama, picha zote hazina maelezo! Nimeimba wimbo huu muhula mzima. Kila picha iwekewe maneno nyuma yake, ili mtu asiyeona asomewe na simu yake. Wengine wakisahau nawasamehe. Wewe, mwenye baba asiyeona, unasahau?"

Hilo lilinichoma hadi kwenye mfupa. Nikainamisha uso.

"Jumatatu asubuhi mnawasilisha," aliliambia darasa zima. "Tovuti iwe hewani, kamili. Ambaye hajamaliza tutaonana mwakani."

Watu wakaanza kukusanya mabegi. Mimi nikabaki pale pale, nikitazama zile sentensi mbili. Nyumbani hakuna aliyeniita kwa jina nililopewa nilipozaliwa. Waliniita Macho. Baba ndiye aliyeanza, kwa mapenzi, siku nilipomsomea barua ya daktari. Mama akafuata, majirani wakadakia, na chuoni nako jina likanitangulia. Ni jina zuri ukiitwa mara moja kwa siku. Ukiitwa kutoka kila chumba, kutafuta soksi, kusoma bei ya umeme, kumsindikiza mtu hadi kwa kinyozi, jina linakuwa kamba shingoni.

"Maelezo nitakuandikia mimi."

Sikuhitaji kugeuka. Aliyesema alikuwa Kimya, jirani yangu wa meza tangu mwaka wa kwanza. Walimwita hivyo kwa sababu aliweza kumaliza kipindi kizima bila kufungua mdomo, na hata akiulizwa swali alijibu kwa neno moja au mawili. Kamera ya chuo ilikuwa mikononi mwake zaidi kuliko mikononi mwa chuo chenyewe. Picha zote za tovuti yangu alipiga yeye.

"Kwa nini uniandikie?"

"Nilizipiga mimi. Najua kilichomo ndani. Wewe jaza ukurasa wako."

"Sina cha kujaza."

"Unacho."

"Kama unakijua, si uandike na huo!"

Akanitazama. Kimya alikuwa na macho ya kuudhi, macho yanayokaa mahali. Watu wengine wakikutazama wanapita tu. Yeye aliyatuliza, hadi ukajikuta unaweka sawa kola ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nikaiweka sawa kola yangu.

"Nimepata kazi," alisema.

"Wapi?"

"Kampuni ya vifungashio. Waliiona tovuti yangu. Naanza tukimaliza tu." Akameza mate. "Wanatafuta na mbunifu wa lebo. Nimewaambia habari zako. Wanasubiri tovuti yako Jumatatu."

Moyo wangu ulirukaruka kama wa mtoto aliyeahidiwa viatu. Kisha ukakumbuka ulikuwa kifuani mwa nani.

"Iko mbali?"

"Basi la siku nzima."

"Na Baba nimwache na nani?"

Akageukia mlango. Nje ya chumba cha kompyuta mfagizi alikuwa akiburuta ndoo.

"Jumapili jioni wanakuja kina Misumari," nilisema. "Kumaliza maneno ya posa."

Alijua habari hizo, chuo kizima kilijua. Bwana Misumari, kama nilivyomwita asipokuwepo, alikuwa jirani yetu wa nyuma mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ukuta tu ndio uliotenganisha ua wake na wetu.

"Unampenda?"

"Ni mtu mzuri."

"Sikuuliza hivyo."

"Mimi ndivyo nilivyojibu."

Akainamia kibodi yake, akabonyeza herufi moja, akaifuta. "Njoo nami," alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Kufanya nini? Lebo?"

"Na mengine."

"Mengine yapi? Yana jina?" Sauti yangu ilipanda na sikuizuia. "Umekaa hapa ubavuni kwangu tangu mwaka wa kwanza. Umenipiga picha mia. Hujawahi kutamka neno moja la kushika mkononi. Leo unataka niiache nyumba ya wazazi wangu kwa ajili ya *mengine*? Ukiwa na la kusema, sema! Mimi nasikia."

Akafungua mdomo. Niliona kabisa lile neno limefika kwenye meno. Kisha akaufunga.

"Nipe neno la siri la tovuti," alisema. "Nimalizie maelezo."

Nilitaka kumpiga na kiti. Badala yake nikachukua kalamu, nikauvuta mkono wake, nikamwandikia lile neno la siri kiganjani. Kiganja chake kilikuwa cha moto. Niliandika polepole kuliko ilivyohitajika, na yeye hakutikisika hadi nilipomaliza. Kisha akakunja vidole mmoja mmoja, taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga.

"Jumapili mchana Baba atataka kuisikiliza kabla sijaiwasilisha," nilimwambia nikibeba begi. "Basi iwe tayari. Hilo tu ndilo ninaloomba kwako."

Nikatoka. Nilitembea hadi getini nikijiambia sitageuka. Niligeuka mara mbili.

* * *

Mpango wa ndoa yangu ulikuwa mzuri sana, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Angekuwa mlevi ningelia, watu wangenihurumia. Angekuwa mzee wa kuchechemea ningegoma kula. Lakini Bwana Misumari alikuwa mpole, hana makuu, anakaribia miaka arobaini bila kitambi, na alimpenda baba yangu kwa dhati. Jioni aliruka ukuta kuja kucheza naye bao, akimtajia kete zilipo. Na yeye ndiye aliyebuni lile jambo lililomaliza ubishi wote: atavunja sehemu ya ukuta, aweke mlango.

"Ukitaka kumwona mzee, unavuka tu," aliniambia siku moja, uso ukimng'aa. "Asubuhi, mchana, usiku. Hata mvua haikupati. Nitapiga na paa dogo."

Fundi alikwisha kupima. Alama za chaki zilikuwa ukutani, mstatili mrefu, saizi yangu hasa. Kila nikianika nguo niliutazama ule mstatili. Ningetoka chumba nilichozaliwa niingie chumba cha pili, na kati yake kuwe na mlango wenye paa.

Nilipojaribu kumgusia Mama, alikuwa akivua sare ya kazini. Mama alifua mashuka ya hospitali kwa zamu, akirudi vidole vimenyauka na mgongo unamlalamikia.

"Mama, na kama sitaki?"

Alinikalisha kitandani. "Hili ni ombi la baba yako. Yeye hatakuambia, unamjua alivyo na aibu. Lakini usiku halali. Anawaza utaolewa mbali, abaki gizani. Ng'ombe hashindwi na nunduye, mwanangu. Sisi ndio nundu yako."

Ungesema nini wewe? Mimi nilisema sawa.

Jumapili hiyo nilipanga Baba aisikilize tovuti mchana, mimi naye tu, kabla ya wageni wa jioni. Asubuhi Kimya alinitumia ujumbe: *Nimemaliza. Maelezo yote yapo.* Kiburi kikanizuia kujibu, na kiburi hicho hicho kikanizuia kufungua kuona alichoandika. Nikampikia Baba chai. Kikombe hakijapoa, hodi ikapigwa.

"Tumeona tuwahi!" ilisema sauti nzito ya kike mlangoni. "Jambo la heri halisubiri jua lizame!"

Ilikuwa dada mkubwa wa Bwana Misumari, mwanamke wa kujaza kochi na maneno ya kujaza sebule. Nyuma yake Misumari mwenyewe, shati limepigwa pasi hadi linakata, ananukia rangi mpya na chuma. Mama akaniangalia jicho la *vikombe vizuri*. Nikaenda kuleta vikombe vizuri.

"Wifi yangu huyo!" dada alisema nilipopita na sinia. "Tazama anavyotembea. Hamwagi hata tone."

Wakaongea. Mimi nikakaa kwenye kigoda karibu na kiti cha Baba, mahali pangu pa siku zote, nikawasikiliza wakigawana maisha yangu kama watu wanaopanga fanicha. Ukumbi uwe upi. Chumba kipakwe rangi gani. Mlango wa ukutani ufunguke upande wetu au upande wao.

"Na kazi yake je?" Mama aliuliza. "Ndiyo anamaliza chuo."

"Hilo nimeliwaza," Bwana Misumari alisema, akinigeukia kwa upole. "Nyuma ya stoo ya saruji kuna chumba. Nimekufagilia. Nimeweka meza, nimeweka na feni. Utatutengenezea tovuti ya duka. Picha za mabati, nondo, misumari ya kila saizi. Si ndiyo kazi yenyewe hiyo?"

"Ahsante," nilisema.

"Feni ina spidi tatu," aliongeza.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na aliyekuwa akiyamimina alikuwa akitabasamu kwa nia njema. Nilitafuta kosa lake hata moja la kushikilia, nikakosa. Nikamtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anavyofanya akisikiliza sana, lakini hakusema lolote kuhusu mlango wala feni.

Kisha akasema, "Macho, si kesho ndiyo unawasilisha? Na mimi tovuti yako sijaiona."

Baba hakuacha kamwe kutumia neno kuona.

"Baadaye Baba, wageni..."

"Wageni ni watu wa nyumbani sasa," dada mtu alidakia. "Tuone wote! Tujue tunachochukua!"

Baba akatoa simu yake mfukoni. Alikuwa amejifunza kuitumia kwa kidole. Akikitelezesha juu ya kioo, simu husoma kila kilichopo chini ya kidole. Niliichagulia mimi ile sauti, mwanamke anayetamka kila neno sawasawa, asiyejua kucheka wala kulia. Nikamfungulia tovuti. Sauti ikaongezwa hadi mwisho, maana wageni nao walitaka kusikia.

"Kazi zangu," simu ilisema. "Picha. Lebo ya sabuni ya maji. Rangi ya kijani, herufi nene za mviringo."

Nikashusha pumzi. Kimya alikuwa ameandika kama anavyoongea, kwa ufupi.

"Picha. Bango la zahanati. Mama ameshika mkono wa mtoto. Herufi zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara."

"Ndiyo sheria," Baba alisema, akichezesha goti kwa furaha. "Bango lisilosomeka ng'ambo ya barabara ni pambo."

"Picha. Bango la zamani la kinyozi, limeandikwa kwa mkono na baba wa mbunifu. Rangi nyekundu imepauka. Mkia wa herufi ya mwisho bado umepinda kwenda juu. Mbunifu naye hupinda mikia ya herufi zake hivyo hivyo."

Goti la Baba likatulia.

"Bado lipo?" aliniuliza.

"Lipo, Baba."

"Nilidhani walishalishusha." Akapitisha ulimi kwenye midomo. "Hamkuniambia."

Ilikuwa kweli. Nilimpeleka kwa kinyozi huyo kila mwezi, nikimtajia ngazi na mashimo, na bango lake mwenyewe juu ya mlango sikuwahi kumtajia. Kidole chake kikateleza.

"Picha. Mbunifu akiwa kazini karibu na dirisha. Ana wino kwenye kidole cha shahada na hajui. Anang'ata mdomo wa chini akipima nafasi kati ya herufi. Watu humwita macho ya mtu mwingine. Aliyempiga picha hii hajawahi kuona mtu anayetamani kuonwa kama yeye."

Kijiko cha dada mtu kikagonga kisahani. Damu ilinipanda usoni nikausikia mlio wake masikioni.

"Baba, inatosha." Nikanyoosha mkono.

Akaihamishia simu upande wa pili. "Acha isome."

"Mume wangu, wageni..." Mama alianza.

"Nimesema acha isome!"

Na yule mwanamke wa ndani ya simu, asiyejua haya, akaendelea kwa sauti ile ile ya lebo ya sabuni.

"Picha. Mbunifu akicheka. Picha ina ukungu kidogo kwa sababu mkono wa mpiga picha ulitikisika. Hakuifuta. Mzee, najua ni wewe unayesikiliza, kwa kuwa maneno haya wenye macho hawayaoni. Nikishayasema kwako nitayabadilisha kabla ya kesho. Huyu ni binti yako akicheka. Meno yake ya mbele yameachana. Kicheko chake huanzia mabegani. Nakuelezea kwa sababu wewe humwoni, na mimi nikimwona nashindwa kusema. Nampenda, mzee. Naomba ruhusa ya kuja kukuambia kwa mdomo. Kitufe. Mawasiliano."

Baba akainua kidole. Nilitamani sakafu ifunguke, na wakati huo huo, Mungu anisamehe, nilitamani isomwe tena.

"Makubwa haya!" Dada mtu ndiye aliyepata pumzi kwanza. "Mapenzi kikohozi, kweli hayafichiki! Ndugu yangu, inuka. Tumeletwa hapa kunywa chai ya mchumba wa mtu!"

"Dada, tulia," Bwana Misumari alisema. Hakuinuka. Aliweka kikombe chini taratibu na kunigeukia, na sikuona hasira usoni mwake, jambo ambalo lilinitesa zaidi. "Binti, nitakuuliza, nawe usinifiche. Kwenye tovuti yote hiyo, mimi nipo mahali?"

"Hapana."

"Hata duka?"

"Hapana."

"Na kama ungeniweka, nyuma ya picha yangu ungeandika nini?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta kwa moyo wote, maana alistahili jibu. "Mtu mzuri," nilisema. "Mwenye duka la vifaa vya ujenzi."

Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. "Mfuko wa saruji wenyewe una maelezo marefu kuliko hayo."

Nikaanza kulia. Baba akaelekeza uso kwenye kilio changu.

"Sasa mimi sielewi," alisema. "Si ulisema mwenyewe unamtaka huyu bwana? Mama yako aliniambia umemchagua. Nikasema basi, kama moyo wake ndipo ulipo."

"Mimi?" Machozi yalikatika kwa mshangao. "Mimi niliambiwa ni ombi lako! Niliambiwa hulali!"

"Nalala kama gogo. Muulize mama yako, ananisukuma kwa kukoroma."

Tukamgeukia Mama, mmoja kwa macho na mwingine kwa sikio. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ameshika birika kwa mikono miwili.

"Ndiyo," alisema. "Nilikwambia wewe hivi, na yeye nikamwambia vile. Nimesema uongo. Haya, nisuteni!" Akanielekezea birika mimi, kisha Baba. "Huyu anaondoka na maisha yake. Huyu amekaa kwenye kiti chake. Nani amewahi kuuliza, mama wewe unaogopa nini? Mimi natoka alfajiri narudi mgongo umekatika. Akiondoka huyu, humu ndani nitafanyaje peke yangu? Sijui! Sijui hata pa kuanzia! Naogopa, basi. Mmefurahi?"

Baba akasimama. Alipapasa mgongo wa kiti, kisha ukuta.

"Kumbe mimi ni mzigo," alisema. "Mlikuwa mnatafuta wa kuubeba."

"Baba, sivyo..." Niliinuka kumshika mkono, kama siku zote.

"Niache!" Akautoa mkono wangu. Kisha, akiwa bado amenipa mgongo, akauliza, "Unamtaka huyu bwana au humtaki? Nijibu wewe. Usinijibu kwa ajili ya macho yangu."

Nilimtazama Mama na birika lake. Nilimtazama yule mtu mwema na shati lake la pasi. Kila niliyemtazama nilikuwa nitamuumiza, na nikinyamaza nilijua nitaishi kwa nani. Nikapiga moyo konde.

"Simtaki, Baba."

"Na huyu wa kwenye simu?"

"Huyo namtaka."

"Anaitwaje?"

"Wanamwita Kimya."

Baba akaguna. "Kimya kingi kina mshindo mkubwa," alisema. "Mwambie aje aseme kwa mdomo, kama alivyoahidi. Sijamjibu." Akaingia chumbani akigonga bega kwenye fremu ya mlango, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Bwana Misumari alisimama. Alimuaga Mama kwa heshima, akamtanguliza dada yake aliyekuwa bado akinung'unika. Kwangu alisita.

"Fundi nitamwambia asije," alisema. "Na kucheza bao na mzee nitaendelea kuja. Nitapitia barabarani."

Hapo ndipo nilipojua ningeweza kuishi na mtu yule miaka yote bila ugomvi, na bila kicheko hata kimoja kinachoanzia mabegani. Nikamshukuru. Alipokea shukrani kama mtu anayepokea chenji pungufu na kuamua kutolalamika.

Nilitoka uani na simu yangu. Kimya aliipokea kabla haijaita vizuri.

"Baba amesikia," nilisema.

Pumzi upande wa pili.

"Na Mama. Na Misumari. Na dada yake."

"Wote?"

"Simu ilikuwa sauti ya juu."

"Ulisema wanakuja jioni."

"Waliwahi."

"Nife sasa, au nisubiri nipewe shahada kwanza?"

Nikacheka, na nikahisi kwa mara ya kwanza mahali kicheko changu kinapoanzia. "Usife. Baba anataka useme kwa mdomo. Na mimi je? Mimi si kipofu wala si simu. Niambie mimi."

Nilimsikia akivuta hewa kama anayetaka kuruka majini. "Nakupenda," alisema. "Nakupenda, nakupenda. Naweza kurudia?"

"Rudia kesho ukija. Yale maelezo uyabadilishe kabla mhadhiri hajayasikia. Lile la bango la kinyozi usiliguse. Na wale watu wako wa vifungashio waambie kesho tovuti itakuwa kamili. Ukurasa wangu naandika leo."

Nilirudi ndani nikiwa na furaha niliyoionea aibu, maana jikoni Mama alikuwa akiosha vikombe vizuri, akiviosha kwa nguvu kuliko vilivyochafuka. Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha. Hakunitazama. Niliogopa angeniambia nibaki, na niliogopa zaidi kwamba nikisikia hivyo nitabaki.

"Mama, nisamehe."

Akasuuza kikombe. Akasuuza kingine.

"Zile chupa mbili za matone ya macho yake," alisema. "Unaanza na ipi?"

"Yenye kifuniko cha bluu. Unasubiri kidogo, ndipo unamtia ya kijani."

"Unamshika wapi?"

"Kidevuni. Usikaze. Anapenda umwambie kabla, asishtuke."

Mama akakausha vidole vyake vilivyonyauka, kimoja kimoja. Akazichukua chupa kwenye rafu, akazigeuza kwenye mwanga kutazama vifuniko, akaingia chumbani. Mimi nikasimama na kikombe mkononi, sithubutu hata kukiweka chini.

Nikamsikia Baba akigeuka kitandani. "Nani huyo?"

"Mkeo," Mama alijibu. "Inua kichwa."